Zamu ya Tirzah Mezani

Kwa akina Kessler uji haukuliwa wa moto. Kila aliyewahi kulala kwao analijua hilo. Uji wa shayiri unapakuliwa, mvuke unapanda, watoto wanameza mate, halafu Dwight anafungua Maandiko na sura ya siku inasomwa kwa zamu, kila mtu aya moja, kuzunguka meza mpaka sura iishe. Dwight alianza, akafuata mkewe Rhoda, kisha Judson wa miaka kumi na mitatu, na Tirzah wa miaka tisa akafunga mzunguko kabla haujaanza upya. Asa, wa miaka miwili, kazi yake ilikuwa kupiga kijiko mezani. Ikiangukia sura ya koo na hesabu za watu, uji uliganda ukawa gundi, na uliula hivyo hivyo ukamshukuru Mungu.

Dwight alikuwa fundi wa nyaya za umeme, mtu wa kupanda nguzo, na alisoma polepole: neno, kituo, neno, kituo. Kanisani walimsifu kwa hilo. Walisema yule bwana halirukii Neno, analitafuna. Lakini wa kusikilizwa hasa alikuwa Tirzah. Kidole chini ya mstari, sauti safi, hakwami hata kwenye majina ya wafalme wale ambao wachungaji wenyewe huwapita wakikohoa. Rhoda alimsikiliza na moyo ukamjaa. Tuseme kweli, ulijaa mpaka ukamwagika. Ijumaa, akina mama wanaofundisha watoto wao nyumbani wanapokutana kanisani, aliwaambia kwa ile sauti ya mtu anayejifanya hajisifu kwamba kusoma yeye hakumfundisha Tirzah sana. Alimpa Kitabu chake cha Maandiko alipotimiza miaka sita, mtoto akasoma. Wenzake wakastaajabu. Hata mkaguzi, mwalimu Hostetter, anayepita kila Juni kuangalia madaftari na kuzungumza na watoto kama sheria ya Pennsylvania inavyotaka, alisomewa zaburi mbili mwaka uliopita, akaandika kwamba msichana huyu ni msomaji bora. Rhoda aliibandika karatasi ile kwenye mlango wa friji.

Majivuno yana milango mingi ya kuingilia kanisani, jamani, na kwa mmojawapo huingia yakiwa yamevaa sketi ndefu na kubeba mkate wa nyumbani.

Sasa, Dwight alikuwa na mama. Lorraine alifundisha darasa la kwanza kwenye shule ya serikali miaka thelathini na mmoja, akastaafu, akabaki kwenye nyumba yake ng'ambo ya kilima. Habari ya watoto kufundishwa jikoni haikumwingia akilini kamwe. Hakugombana na mkwe wake. Aliuliza maswali tu, na maswali ya Lorraine yalikuwa na miiba. Wanawake hawa wawili waliheshimiana kama paka wawili wanaolala kibaraza kimoja.

Aprili, theluji imeyeyuka na ua mzima ni tope, Lorraine alikuja na zawadi ya siku ya kuzaliwa ya Tirzah, kitabu kipya cha ndege chenye picha nzuri. Akamwambia mjukuu wake amsomee ukurasa wa kwanza. Tirzah aliweka kidole kwenye mstari akaanza. Akasema habari za shomoro, kwamba ni wadogo, kwamba Mungu anawaona, kwamba wanajenga chini ya mapaa. Yalikuwa maneno mazuri. Rhoda alikuwa akikanda unga, akatabasamu.

Lorraine hakuwa akiusikiliza mdomo. Alikuwa akikitazama kidole. Kidole kilifika mwisho wa mstari kikaendelea kutembea kwenye ukingo mweupe, na maneno bado yanatoka.

"Rhoda," akasema, taratibu kabisa. "Huyu mtoto hasomi."

Rhoda akacheka. Akafuta mikono, akaleta Kitabu cha Tirzah, akafungua sura waliyosoma asubuhi ile. Tirzah akaisoma yote, ikateremka kama maji. Haya, umeona? Lorraine akasema ameona. Kisha akaweka ukucha kwenye neno moja, katikati ya ukurasa, akauliza hili ni neno gani. Tirzah akalitazama. Akaonyeshwa jingine, fupi zaidi. Chozi likaanguka juu ya ukurasa kabla ya jibu.

Rhoda alisema nini siku hiyo, si vizuri kukirudia. Alimwambia mamamkwe wake kwamba amekuja kumwaibisha mtoto siku yake ya kuzaliwa. Lorraine alichukua koti lake akaenda zake. Kitabu cha ndege kikabaki mezani na vumbi la unga juu yake.

Dwight aliporudi kutoka kazini alielezwa. Rhoda alitegemea atashangaa, au atamtetea, au atakasirika. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliitazama mikono yake muda mrefu sana.

"Mpaka mkaguzi aje," akasema mwishowe. "Akija Juni na mtoto bado hajui kusoma, basi Septemba apande basi la njano aende shule. Sitaki mtoto abaki hivyo, Rhoda. Sitaki."

Akatoka kwenda kuwaangalia mbuzi. Rhoda akamwona mgumu, akamwona mtoto wa mamake.

Nyumba ile mlango wenye komeo ni wa choo tu, na chooni kila mara kuna mtu. Kwa hiyo Rhoda husali stoo, katikati ya mitungi ya pichi na magunia ya ngano. Alipiga magoti humo akalia mpaka akaumwa kichwa. Miaka saba alikuwa amesimama mbele ya watu akisema Mungu ndiye aliyempa kazi hii. Miaka saba! Na mtoto wake alikuwa akizama kwenye kiti cha pili kutoka kwake. Kama ni Mungu aliyempa kazi hii, basi ameiharibu, na kama si Mungu, basi alikuwa akimsingizia. Akaomba msaada. Akaomba kwa jina la Yesu aletewe mtu, mtu yeyote yule. Kisha, maana alikuwa mwanamke mkweli, akaongeza: yeyote ila Lorraine.

Kesho yake alimfuata Tirzah bandani, saa ya kukama. Msichana alikuwa kwenye kigoda, paji la uso limeegemea ubavu wa mbuzi, na ukutani, kwenye msumari, ilining'inia ile redio ya kaseti iliyokaa pale siku zote. Kaseti za Maandiko aliziweka hapo Rhoda mwenyewe, ili mtoto asichoke na kazi. Ilikuwa inasoma sura ya kesho. Rhoda akaizima. Akageuza ndoo ya chakula cha mbuzi, akaikalia.

"Ulianza lini?"

"Nilipopewa Kitabu changu," Tirzah akasema, bila kugeuka. "Herufi hazitulii, Mama. Judson aliziona zimetulia, nikadhani na mimi zitatulia. Na wote mlikuwa mnafurahi."

"Kwa hiyo unasikiliza aya yako hapa, unaishika."

"Siwezi kujua itakuwa aya gani. Baba anaweza kuitwa kazini. Bibi anaweza kuja. Hesabu inabadilika." Akaendelea kukama. "Kwa hiyo ninashika sura yote."

Rhoda alidhani hakusikia vizuri. Akauliza, sura yote, kila siku? Kila siku, akajibiwa. Isipokuwa ile wiki redio ilipokufa. Rhoda akapiga hesabu kichwani. Wiki ile redio ilipokufa, Tirzah alishikwa na homa siku nne, akanyweshwa supu ya kuku kitandani, na redio ilipotengenezwa akapona asubuhi hiyohiyo.

"Nilikuwa najikanda uso kwa maji ya moto," mtoto akakiri. Rhoda, aliyelia stoo jana yake, akajikuta anacheka.

Kicheko kilipokwisha akamwuliza jambo, kwa kujaribu tu. Akataja sura ya miaka miwili iliyopita, sura ngumu, ya vipimo vya mbao na pazia na kulabu za hema, ambayo watu wazima huipita haraka. Unaikumbuka hiyo? Tirzah akafumba macho na kuanza. Mbuzi wa kwanza akaisha kukamwa, akaja wa pili, na hema likawa linasimama palepale bandani, ubao kwa ubao, kulabu kwa kulabu, bila mtoto kukosea kipimo kimoja. Rhoda akataja nyingine. Ikaja. Akataja nyingine, kutoka mbali zaidi, nayo ikaja, na sauti ile ndogo haikuwa inajionyesha wala inaogopa. Ilikuwa inatoa tu kilichomo.

Kila asubuhi kwa miaka mitatu, huku yeye akiwaza uji na nguo za kufua, mtoto huyu alikuja mezani amebeba sura nzima kifuani ili aweze kutoa aya tatu au nne. Zaidi ya sura elfu moja. Aliwahi kuwafahamu wachungaji waliosomea kazi hiyo miaka minne, na hawakuwa na robo ya hayo. Rhoda akaogopa, ile hofu njema, ya mtu aliyefungua mlango wa kabati akakuta nyuma yake kuna bonde. Akatamani kuvua viatu. Ila banda lilikuwa na samadi, akabaki navyo.

"Umekasirika, Mama?" Tirzah akauliza.

Hakukasirika. Alimfuta mtoto maziwa kwenye kidevu, wakaingia ndani.

Lakini maajabu ni maajabu, na kusoma ni kusoma. Mtoto mwenye hema zima kichwani bado hakuweza kusoma neno lililoandikwa kwenye kopo la chumvi. Wiki mbili Rhoda alijaribu kila alichokijua, na mwisho wa kila somo walilia wote wawili, mmoja mezani, mmoja stoo. Siku ya kumi na tano alioka mkate, akaufunga kwa kitambaa, akavuka kilima. Njia nzima alikuwa akimwambia Mungu kwamba ombi lake limesikiwa, na ameona linavyojibiwa, na kwamba huu si uungwana.

Lorraine alifungua mlango akautazama mkate, kisha akamtazama mkwe wake usoni. Hakusema nilikwambia. Huo ni mtihani mkubwa kwa mwalimu, na aliufaulu.

"Kesho saa tatu," akasema. "Na Kitabu kikae rafuni."

Rhoda akahisi damu inapanda. "Mama, unataka nimtoe mtoto kwenye Neno?"

"Nataka kumtoa mahali anapojificha," Lorraine akasema. "Neno ataliona akitoka."

Basi kuanzia hapo asubuhi zikabadilika. Dwight alisoma, Rhoda akasoma, Judson akasoma, halafu zamu ya Tirzah ikarukwa. Ilikuwa pengo la pumzi moja tu, lakini meza nzima ililisikia. Hata Asa aliacha kijiko. Tirzah alikaa ameinamisha kichwa. Na kila mara, kabla ya kuanza upya, Dwight alisubiri kidogo, kana kwamba mtu atasema jambo.

Saa tatu Lorraine alikuja na sinia la kuokea lenye unga wa mahindi. Tirzah aliandika herufi kwa kidole kwenye unga huku akiitamka, akatikisa sinia, akaandika tena. Mara ishirini, mara arobaini. Rhoda alikaa pembeni akimenya viazi, akaona jinsi yule bibi mwenye maswali ya miiba alivyokuwa na subira isiyo na mwisho kwa mtoto. Hakupandisha sauti hata mara moja. Mei ilipofika katikati, Lorraine alimsukumia Rhoda sinia lile, akamwambia sasa ni wewe, mimi nimenye viazi. Alimenya vibaya.

Na kulikuwa na daftari. Kila siku Lorraine alileta ukurasa mmoja wa hadithi aliouandika mwenyewe kwa penseli, herufi kubwa, maneno machache, ili Tirzah asome jambo ambalo hakuna kaseti duniani iliyowahi kulisema. Ilikuwa hadithi ya mtoto aitwaye Sam, mwenye miaka tisa, mtundu, aliyepoteza buti moja mtoni, aliyemficha sungura kwenye kabati la kanisa. Mwanzoni ukurasa ulichukua saa nzima na machozi. Kisha nusu saa. Kisha siku moja Tirzah alifika mwisho, akageuza karatasi kutazama nyuma, akakuta peupe.

"Bibi," akasema kwa hasira, "mbona fupi?"

Lorraine akainuka akaenda dirishani, akakaa huko muda akitazama mbuzi ambao kwa kweli hakuwapenda.

Siku ya mkaguzi, Dwight aliomba ruhusa kazini. Rhoda alipiga magoti stoo tangu alfajiri, na hakuwa na maneno marefu. Alisema, Bwana, Tirzah asije akaenda kwenye basi lile akidhani nimemfukuza. Saa tatu wakakaa mezani wote, Lorraine pamoja nao, uji umepakuliwa kwa kuchelewa, mwalimu Hostetter na kalamu yake upande wa dirisha. Rhoda hakungoja aulizwe. Alisimama akatoa ile karatasi kwenye mlango wa friji akaiweka mbele ya mkaguzi. Akamwambia mwaka jana sote tulidanganyika, nami wa kwanza. Mwalimu Hostetter akawa mwekundu mpaka masikioni. Akasema basi mtoto asome kitu ambacho hajawahi kukisikia wala kukiona.

Tirzah akanyoosha mkono kwenye mkoba wa Lorraine. "Bibi ana kurasa mpya. Tatu. Nimeziona."

"Si hizo," Lorraine akasema haraka. "Hizo ni za wewe na mimi." Lakini mkaguzi alishauliza kama mtoto amezisoma, na hakuwa amezisoma, na Lorraine hakuwa mtu wa kusema uongo mbele ya mwalimu. Akazitoa, akaweka ukurasa wa kwanza mezani, mkono wake ukachelewa kuondoka juu yake.

Tirzah akaweka kidole. Kikatembea, kikasimama, kikarudi, kikatembea. Sauti ile iliyokuwa ikiteremka kama maji sasa ilikuwa inapanda mlima na mzigo.

"Sam hakujua kusoma. Mama yake alikuwa mwalimu. Aliwafundisha watoto wa watu wote. Sam alikaa kiti cha mbele. Mama hakuona."

Tirzah akavuta pumzi, akaendelea. Sam alimwomba rafiki yake amsomee. Sam alishika yote kichwani. Alisoma kwa kidole, na kidole kilipita mwisho wa mstari. Tirzah akainua macho, akasema, "Kama mimi," akarudi chini.

"Sasa Sam ni mkubwa. Anapanda nguzo. Anatengeneza umeme."

Hapo akaacha kusoma. Akamtazama babake. Judson naye akamtazama, na Rhoda, na uji ulikuwa umeshaganda kwenye kila bakuli. Dwight alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, uso umemwiva kama mtoto aliyekamatwa.

"Nilikuwa na darasa la watoto ishirini na sita," Lorraine akasema, na alimwambia Rhoda, si mtu mwingine. "Wote walisoma kabla ya Krismasi. Wangu nilimwacha mpaka miaka kumi na miwili, nikijisifu kwa majirani. Ndiyo maana kidole kile nilikijua."

Rhoda alimtazama mume wake. Miaka kumi na mitano amekaa naye meza moja. Neno, kituo, neno, kituo, na yeye na kanisa zima walidhani ni uchaji. Labda ulikuwa uchaji. Mtu anayelipanda kila neno kama nguzo, kila asubuhi, mbele ya watoto wake, bila kukosa siku hata moja, umwite nani? Machozi yalimtoka Rhoda waziwazi, mbele ya mkaguzi, na hakuyafuta. Alikuwa ameomba aletewe mtu, na kumbe nyumba ilikuwa imejaa.

Mwalimu Hostetter alikohoa. Akasema mtoto yuko nyuma ya wenzake na ataandika hivyo, maana ndiyo kweli. Ataandika pia kwamba anafundishwa, na kwamba haoni sababu ya kumhamisha kutoka kwa wanaomfundisha. Akatia saini. Dwight akaitikia kwa kichwa, akaitikia tena.

Lilikuwa limebaki swali moja na kila mtu mezani alikuwa nalo mdomoni. Rhoda ndiye aliyefungua kinywa, amgeukie mumewe amwulize ni nani basi aliyemfundisha, na ilikuwaje.

"Usimwulize, Mama," Tirzah akasema. Alikuwa ameshageuza karatasi. "Zimebaki kurasa mbili. Nitawasomea mimi."

Wote wakamngoja. Tirzah akarudisha kidole kwenye mstari, akasoma kama babake, neno, kituo, neno, kituo.